Mtu wa Tatu Ana Magurudumu Manne

Mwezi huu wala sizungumzii nyumba ndogo. Namzungumzia mtu wa tatu mwingine, yule anayelala nje ya geti, anayekunywa kuliko wote nyumbani, na ambaye kila mwisho wa mwezi lazima apewe chake kabla ya ada, kodi ya nyumba na hela ya sabuni. Akiugua, baba anaondoka kazini mapema. Akipona, nyumba nzima inashangilia. Baada ya wiki mbili anaugua tena.

Nazungumzia gari. Tena siyo lile jipya linaloletwa na karatasi ya plastiki bado kwenye viti. Nazungumzia gari la kwanza la wanandoa wengi wa mjini, lile linalonunuliwa mkononi mwa mtu kwa akiba ya miaka miwili, mkopo kidogo na dua nyingi.

Letu tulilinunua mwaka 2021 kwa shilingi milioni 11. Aina yake siitaji, kwani wapo watu wanaolo kama hilo na linawapeleka Moshi na kuwarudisha bila kelele. Letu lilikuwa limeshapita mikono mitatu. Wa kwanza alilitoa bandarini, wa pili alilitumia kwa biashara, wa tatu alilipiga rangi. Sisi tukaja kuiona rangi.

Hapa niseme kitu, maana watu wanapenda kusema ubovu wote unatoka kwenye mtumba. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa sababu na wao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Kule gari binafsi hukaguliwa na serikali linapofika miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, ndiyo maana wengi huona bora waachie gari lingali zima. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Sisi tunaruhusu hata lenye umri mkubwa zaidi, ila unalipishwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo kuna magari yanashuka Dar es Salaam yakiwa safi kabisa. Mengi yanaharibikia hapa hapa, kwenye miaka ile ambayo hakuna aliyeandika oili ilibadilishwa lini, nani aligusa nini, na kitu gani kilitolewa kikatupwa.

Ya kwetu ilianza kwa kuchemka. Tuko kwenye foleni ya Tabata Relini, sindano ya joto ikapanda kama homa ya mtoto. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaangalia kama dakika tatu, akasema, "Dada, hii ni themostati tu. Huku kwetu joto, haina kazi, wengi tunaitoa." Akaitoa.

Wengi mmeshaambiwa maneno hayo, kwa hiyo tuelezane. Themostati ni kama mlango mdogo wa maji ya kupoza injini. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa ili ipate moto haraka. Ikishapata moto, mlango unafunguka maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inachelewa kufikia joto lake la kazi na inakula mafuta zaidi. Na kama kilichokuwa kinachemsha gari ni kitu kingine, hicho kitu bado kipo pale pale, kinakusubiri.

Kilikuwepo. Mwezi uliofuata ikawa rejeta. Kisha wota pampu. Kisha feni. Fundi wa tatu ndiye aliyetuuliza swali ambalo wenzake hawakuwahi kuuliza: "Mwenye gari kabla yenu alikuwa anaweka maji gani?" Alifungua, akatuonyesha uchafu wa rangi ya matofali. Kwa miaka gari lilikuwa linanyweshwa maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Dar mnayajua yalivyo na chumvi. Ile dawa ya rangi inayouzwa kwa ajili ya rejeta siyo urembo. Inazuia kutu, na inafanya maji yasichemke mapema. Gari lililonyimwa dawa hiyo linaoza taratibu kwa ndani huku kwa nje linang'aa.

Na kuchemka hakuishii kwenye mvuke. Hedi ya injini nyingi za siku hizi ni ya alumini, ikipata moto kupita kiasi inapinda. Ikipinda, gasketi inaachia, maji na oili vinakutana. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona kitu kama chai ya maziwa, kaa chini kwanza. Sisi tuliiona chai hiyo mwezi wa tisa. Laki 6 na nusu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Sisi ufa tulikuwa tunauziba kila mwezi, tena kwa hela taslimu. Shida ni kwamba kila fundi alikuwa anaziba ufa wake, wala hakuna aliyeuliza nyumba inatitia kwa nini.

Sasa tuje kwenye mambo yetu ya humu, yaani mapenzi.

Gari bovu lina tabia moja mbaya: linawafundisha wapendanao kudanganyana kwa nia njema. Mwanzoni mume wangu alikuwa anarudi gereji ananisimulia kila kitu. Baadaye akawa anasema "ni kitu kidogo tu". Baadaye kabisa akawa hasemi, ananiletea chipsi. Wanawake wenzangu, mume akianza kuleta chipsi siku ya Jumanne bila sababu, kuna spea imenunuliwa.

Na mimi nilikuwa na hasira yangu. Wakati huo tulikuwa tunalipia kiwanja Chanika, laki 2 na nusu kila mwezi. Mara awamu ikachelewa. Mara ikachelewa tena. Nikiuliza naambiwa mwezi huu mgumu, tutalipa mbili mwezi ujao. Muuza kiwanja akaanza kunipigia mimi.

Usiku mmoja wa mvua, mwanetu alipata homa kali hadi akaanza kutetemeka. Tukamfunga kwenye kanga, tukaingia kwenye gari. Lilitutoa Segerea vizuri tu, likafika Tabata Bima likakohoa mara mbili, likazima. Taa zote za dashibodi zikawaka kama mti wa Krismasi. Mume wangu alipiga stata mpaka betri ikaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshashuka na mtoto mgongoni nasimamisha bajaji. Dereva wa bajaji hakutaja hata bei. Alisema, "Panda mama, tutaongea mbele." Tukafika. Mtoto alitibiwa, namshukuru Mungu, siku ya tatu alikuwa anakimbia.

Lakini nakumbuka sura ya mwenzangu nilipomwacha pale kwenye mvua, ameshika usukani wa gari lisilowaka. Hakuwa na hasira na gari. Alikuwa na aibu. Nikaelewa kwamba kwa miezi kumi na nne nilikuwa nagombana na gari, kumbe yeye alikuwa anagombana na kitu kingine.

Mwisho wa wiki tulikaa mezani na daftari la shule la mistari. Akafungua miamala yote ya simu, mimi nikaandika. Rejeta na ile themostati, laki 1 na elfu 80. Wota pampu, laki 1 na elfu 40. Feni, laki 1 na elfu 20. Gasketi na kunyoosha hedi, laki 6 na nusu. Koili mbili, laki 1 na elfu 60. Plagi, elfu 80. Bushi na shokapu, laki 4 na elfu 20. Alternata, laki 2 na elfu 30. Kuvutwa mara tatu, laki 2 na elfu 10. Ufundi mdogo mdogo na "hela ya maji" ya vijana wa gereji, laki 3 na elfu 10.

Jumla: milioni 2 na nusu. Awamu 10 za kiwanja. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa Chanika.

Mimi niliambiwa milioni 1 na elfu 580 tu. Laki 9 na elfu 20 zilipita pembeni. Nilimuuliza kwa nini, tena kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo wanaume wanaiogopa kuliko kelele. Akaniambia, "Niliogopa ungesema tuliuze. Na mimi nikirudi kupanda daladala, mama yangu ataniuliza kimetokea nini."

Jamani. Kwa kijana wa mjini gari ni cheti. Ndugu wanakuona umefika. Kwenye msiba unaagizwa ukawachukue wazee, kwenye harusi unabeba keki. Kushuka kwenye gari ni kama kushuka cheo mbele ya ukoo mzima. Fundi anayajua haya, ndiyo maana hakuambii achana nalo. Anakuambia, "Bosi, tukibadilisha hii tu, linakuwa jipya."

Mtego wenyewe uko hapo kwenye "hii tu". Ukishatoa milioni 2, laki 2 nyingine inaonekana ndogo, na kuacha kunaonekana kama kuzitupa zile za kwanza. Lakini zile zilishaondoka. Swali la leo ni la laki 2 ya leo: itakununulia mwaka mzima wa amani au wiki mbili?

Yafuatayo ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kwetu, na wewe chukua yanayokufaa.

Moja, gari liwe na daftari, na daftari lisomwe na wote wawili. Service ya kawaida, kama oili, filta na breki, iwekewe fungu lake kila mwezi. Huo ni mshahara wa gari. Matengenezo ya kuharibika yaandikwe ukurasa wake. Mkichanganya hamtajua mgonjwa anapona au mnamlisha tu.

Mbili, mkiwa kwa fundi, kabla ya "bei gani?" ulizeni "umejuaje?" Magari mengi ya miaka ya 2000 kuja juu yana tundu la kuchomeka kifaa cha kusoma hitilafu. Ila kifaa nacho siyo hakimu. Kinakuambia silinda ya pili inakosa moto, hakikuambii kama kosa ni plagi, koili au nozeli. Fundi mzuri atahamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, kisha atasoma tena. Kosa likihama na koili, umepata mchawi. Lisipohama, umeokoa hela ya koili. Na spea iliyotolewa irudi nyumbani na wewe.

Tatu, pangeni ukomo gari likiwa zima. Likishazima barabarani mnakuwa mnaamua kwa presha. Sisi tulisema: ugonjwa ule ule ukirudi mara ya tatu, au matengenezo ya mwaka yakifika robo ya bei tunayoweza kuliuza, tunaliuza. La kwetu lilikuwa limeshavuka vyote viwili.

Nne, muuze kwa ukweli. Tuliliuza kwa milioni 7, na mnunuzi tulimpa daftari alisome lote, hadi ukurasa wa chai ya maziwa. Alikuwa fundi, alicheka, akasema gari lenye historia analipenda kuliko lenye rangi. Tungeweza kumficha tukapata zaidi. Lakini naye ana mke, na mke wake ana usiku wake wa mvua.

Tano, na hii siyo ya gari. Mwenzako akipunguza bei anapokusimulia, usikimbilie kumwita mwongo kabla hujajua anaogopa nini. Halafu na wewe mwenye kuogopa, sema. Laki 9 tungezisahau kwa mwaka. Muuza kiwanja kunipigia mimi na nikose jibu, hilo lilichukua muda zaidi kupoa.

Zile milioni 7, mbili na nusu zilienda Chanika zikafuta deni la awamu. Zilizobaki ziko benki, kwenye akaunti inayotaka sahihi mbili. Kwa sasa ni bajaji, daladala, na siku za mvua teksi ya kuita kwa simu. Mama mkwe aliuliza kweli, "Gari liko wapi?" Mwanawe akamjibu bila kumung'unya, "Tumeliuza mama, tunajenga." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza chumba chake kitakuwa upande gani.

Tuonane mwezi ujao. Na kama gari lenu limelala nje muda huu, kaangalieni maji. Mkaangalie wote wawili.