Matone ya Karafuu Hayaoshi Chupa



Siku hizi kila grupu la wajasiriamali lina ushauri ule ule: tia matone mawili ya mafuta ya karafuu, jemu yako itakaa mwaka mzima bila kemikali. Nasi tuliamini. Tulivuka bahari, tukapanda kona za Mombo na Soni mpaka Lushoto, tukarudi na mapeasi. Tukapika jemu, sukari tukaipunguza, mafuta ya karafuu tukatia. Wiki ya tatu vifuniko vikafura. Tulimwaga zote kabla hazijafika dukani, alhamdulillah.

Hatusemi mafuta haya hayana kazi. Ndani ya mafuta ya karafuu mna eujenoli, inayotoboa utando wa bakteria hadi wakafa. Mdalasini na mchaichai navyo vina nguvu zao. Viungo hivi vimejaa Usambara ya Mashariki, upande wa Amani na Muheza, na sisi visiwani tuna kiwanda cha makonyo Wawi, Pemba. Bibi zetu waliotia karafuu kwenye achari hawakukosea. Lakini walitia pia chumvi, siki, ndimu na jua.

Shida ni kipimo. Kwenye maabara mafuta kidogo huzuia bakteria wa kuharisha. Kwenye chakula, hasa chenye mafuta au protini kama nyama na maziwa, hunaswa humo na huhitajika mengi zaidi. Ukifika kipimo hicho, chakula kinanuka kama kwa daktari wa meno. Tena ni makali: wapo watoto wadogo walioumia ini kwa kunywa kijiko kimoja au viwili tu vya chai. Na kwenye juisi hayachanganyiki na maji.

Jemu inahifadhiwa na moto, sukari na ukali wa ndimu. Ya kawaida huwa na sukari kama asilimia 60. Peasi si kali sana, kwa hiyo ndimu ni lazima. Chupa na kifuniko vichemshwe, jemu itiwe ingali moto. Ukipunguza sukari, mwambie mteja aiweke kwenye friji na aimalize mapema. Karafuu itie kwa harufu na ladha, na uisifu kwa hayo.

Tunakumbuka Mtume (S.A.W.) alipotia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini mna maji, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Neno "asilia" kwenye lebo, juu ya jemu tusiyokuwa na hakika nayo, kwetu ni maji yale yale chini ya lundo. Hata kama hatukukusudia, sasa tumeshajua.

Na hasara si yetu peke yetu. Mtoto mmoja akiumwa kwa chupa moja, mama hatanunua tena jemu ya mwanamke yeyote wa mtaani. Dada zetu wa Lushoto nao watabaki na matunda yanayowaozea shambani.

Basi tuuze kinachokaa mwezi mmoja na tuseme mwezi mmoja. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, na riziki hiyo ndiyo yenye baraka.

Wabillahi tawfiq.