Likizo hii tushukeni Rumonge



Likizo zikifika, familia nyingi za Buyenzi hubaki nyumbani, na zinazotoka hutoka kwa harusi au msiba. Vijana wetu wanaijua Dubai kwa picha, lakini Rumonge, kilomita sabini na kitu kusini mwa Bujumbura, hawajaiona. Kwetu sisi hii ni hasara kubwa.

Barabara inafuata Ziwa Tanganyika, kulia maji, kushoto milima. Watoto waelezwe kwamba kina chake kinafika karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Njiani, Mugere, lipo jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe 25 Novemba 1871. Wengi huambiwa kuwa walikutana hapo. Sivyo, walikutana Ujiji, hapa walifika wakitembelea ziwa. Na mizigo yao ilibebwa na wapagazi waliosema Kiswahili, ambao jiwe halina majina yao.

Kinachowazuia wengi ni chakula. Mtu anaogopa mishikaki ambayo hajui nani kachinja, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini huko kusini chakula cha wenyeji ni samaki, naye hahitaji kuchinjwa. Mukeke wa kuchoma, ugali wa muhogo, sombe, maharage yaliyoungwa kwa mawese ya huko huko Rumonge: mtu atafute nini tena? Muulize tu mpishi kama wavu ule ule unachomewa nyama. Asipojibu vizuri, nenda kwa mwingine. Waislamu Rumonge wapo tangu zamani, hamtakosa wa kuwaelekeza, wala msikiti wa kuswali.

Jambo moja wageni hawalijui. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki. Basi anayetaka ndagala wabichi aende mwanzo au mwisho wa mwezi wa Kiislamu, si tarehe 13, 14 au 15. (Siku hizo wengine wetu tunafunga sunna, kwa hiyo hatukosi kitu.)

Gharama? Familia nne zikodi basi dogo pamoja, mafuta yakipatikana, na akina mama wasibebeshwe masufuria. Wao pia wako likizo. Wapikiwe siku moja. Na watoto wasiingie majini bila kuwauliza wavuvi kwanza, maana viboko na mamba wapo.