Theluji Banissa? Mwacheni mteja azime mapambo

Leo hatuzungumzii PIN wala matapeli. Tunazungumzia lile bango la juu kwenye apu na tovuti za pesa: baluni kampuni ikitimiza miaka, taa za rangi msimu wa sikukuu, theluji inayodondoka Desemba. Theluji, jamani. Mteja aliye Banissa, kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, anafungua simu kwenye jua la saa saba mchana, na theluji inaanguka juu ya salio lake.

Msimamo wetu ni huu: pambo liwe na swichi. Anayelipenda aliache, asiyelitaka alizime. Na likizimwa libaki limezimwa hata baada ya apu kusasishwa, sio Idd inafika unakuta limejirudia lenyewe.

Wako watakaosema tunapigia kelele jambo dogo. Si dogo ukiwa soko la mifugo. Mnunuzi na muuzaji wameshakubaliana bei, dalali amesimama katikati, mbuzi wameshikwa kamba. Hapo hakuna anayeachilia mnyama kabla pesa haijaonekana. Mnunuzi anafungua apu, juu ya simu kuna herufi E, na kale kaduara kanazunguka tu. Muuzaji anaanza kumwangalia kwa jicho la shaka, na kumbe pengine kinachosubiriwa si pesa, ni picha.

Hebu tupige hesabu. Bango la kilobaiti 500, na si ajabu kukutana nalo, kwenye netiweki inayopitisha kilobiti 100 kwa sekunde linachukua sekunde 40. Ujumbe mmoja wa SMS ni baiti 140. Maana yake bango moja lina uzito wa SMS zaidi ya 3,500. Na bando linalolipia hayo yote ni la mteja. Kaskazini Mashariki minara ni michache na iko mbalimbali. Baadhi imewahi kulipuliwa na al-Shabaab, na mnara ukienda watu wanabaki na netiweki hafifu au hawana kabisa. Tena mapambo huwa mazito zaidi siku zile zile watu wanatumiana pesa kwa wingi. Kabla ya Idd ya kuchinja, soko la mbuzi limechangamka, na ndipo wachoraji nao wanachangamka.

Lakini kuchelewa siyo shida kubwa zaidi. Shida kubwa ni bango linalofika kwa kuchelewa. Unaona kitufe cha "Tuma", kidole kinashuka, na sekunde hiyo hiyo picha inatua juu, ukurasa mzima unasukumwa chini, kidole kinaangukia kitu kingine. Kama hicho kitu kingine ni tangazo la mkopo, umeshaingia njia usiyoiomba. Tangu 2020 Google wana kipimo cha kuruka-ruka huku kwa ukurasa, na alama nzuri ni 0.1 au chini. Kwenye ukurasa wa habari unaudhika tu. Kwenye ukurasa wa pesa unaweza kuumia.

Tunawaelewa wanaopenda mapambo. Kampuni inataka ionekane iko hai, inasherehekea na watu wake. Google wenyewe wanachezea nembo yao tangu 1998. Sawa, ila nembo ile haikai juu ya salio la mtu. Na kusherehekea na watu kunataka kuwajua watu: Banissa wengi ni Waislamu, na bango la "Idd Mubarak" likitokea kabla mwezi haujaandama, watu wanacheka tu.

Wala hatudai kitu kigeni. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2008 ulishasema: kitu kinachojiendesha chenyewe kwa zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine, mtumiaji apewe njia ya kukisimamisha au kukificha. Kuna watu wanaopata kizunguzungu kwa vitu vinavyocheza kwenye skrini, na kuna wazee ambao macho yao yanahangaika kutafuta tarakimu za salio katikati ya rangi. Sisi tungeenda mbele kidogo: netiweki ikiwa dhaifu, pambo lisishushwe kabisa mpaka mteja aliombe.

Kitu kimoja tu kisiguswe na swichi hiyo. Onyo la utapeli, taarifa kwamba huduma itazimwa usiku, mabadiliko ya ada: hayo si mapambo, na yaonekane kwa kila mtu kwa maandishi ya kawaida. Kampuni nayo isifiche tangazo la mkopo chini ya jina la "taarifa" ili lisizimike. Hapo ndipo tutajua nani alitaka kweli kumpa mteja nafasi ya kuchagua.

Kwa sasa, usisubiri wachoraji. M-PESA ilipoanza Machi 2007 ilikuwa menyu ya maandishi matupu ndani ya laini ya simu, na pesa zilifika. Mpaka leo *334# inafanya kazi hata kwenye kabambe, bila bando. Kama unatumia apu, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uzime miondoko. Simu nyingi za Android na iPhone zina chaguo hilo, na apu zilizotengenezwa vizuri hulitii. Ukiwa kwenye tovuti kupitia Opera Mini, unaweza kuzima picha zote. Kisha waandikie watoa huduma wako, sisi tukiwemo. Taja aina ya simu yako, mahali ulipo, na ulisubiri kwa muda gani mpaka salio likaonekana. "Apu yenu ni mbaya" ni rahisi kuipuuza. "Nilikuwa sokoni Banissa, nilisubiri dakika moja na nusu" ina mtu wa kuijibu.