Friji la dukani lisimeze hela ya matibabu

Tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipochukua nafasi ya jenereta za dizeli Kasulu na Kibondo mwaka 2022, mzazi mwenye duka hakosi kufikiria friji la soda na maji. Ni wazo zuri, ila pigeni hesabu kwanza, baba na mama pamoja.

Tuseme friji ni Sh800,000. Likileta faida ya Sh3,000 kwa siku na LUKU ikala Sh1,000, mnabaki na Sh2,000. Hela yenu itarudi baada ya siku 400, na hapo fundi hajalipwa. Tena huku kwetu milimani, Juni na Julai baridi ikikaza, wanunuzi wa soda ya baridi hupungua.

Kwa hiyo mkishauza maharage, tengeni kwanza hela ya matibabu na ya shule, ndipo mlitazame friji. Mtoto mwenye homa anatakiwa kupimwa malaria siku hiyohiyo, si mpaka kreti mbili ziishe. Kilichobaki kisipotosha, subirini mavuno mengine. Friji litawangoja dukani, homa haingoji.