SEHEMU YA 4: JUA LA ASUBUHI SIO DAWA YA MANJANO

Jamani, leo nitawaudhi baadhi yenu, wauguzi wenzangu mkiwemo.

Siku ya tatu macho ya kichanga yamekuwa ya njano. Bibi anasema muanike jua. Jirani naye hivyo hivyo. Na tuseme ukweli, hata sisi manesi tumewaruhusu akina mama kwenda nyumbani na maneno hayo hayo. Mama anatii. Wiki inaisha, mtoto analetwa amelegea, hanyonyi, analia sauti nyembamba, mgongo umepinda kwa nyuma. Hapo sumu ya manjano imeshaingia kwenye ubongo. Taa tutamuwekea, ila ubongo ulioharibika haurudi.

Watoto wengi hupata manjano wiki ya kwanza, na kwa wengi huisha yenyewe. Ndiyo maana jua linapewa sifa za bure! Yangeisha hata ungemlaza kivulini chini ya mkorosho. Halafu asubuhi ya Newala mwezi wa saba, baridi ile, unamvua nguo kichanga unamtafutia nini?

Taa ya bluu ya hospitali ni kitu kingine. Mtoto analala uchi chini yake, macho yamefunikwa, usiku na mchana, anatolewa kunyonya tu, na damu inapimwa kuona kama bilirubini inashuka. Jua la nusu saa haliwezi hiyo kazi.

Usisubiri hata kidogo kama manjano yametokea ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo ni za njano, au mtoto analala tu hataki ziwa. Mtazame mchana karibu na dirisha, sio kwa koroboi. Ngozi yetu inaficha, angalia weupe wa macho na fizi.

Kadi yako ina kundi O au Rh hasi? Mwambie nesi kabla ya kuruhusiwa. Na vile vidonge vyeupe vya naftalini kwenye nguo za mtoto, toa! Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa G6PD, harufu ile tu inapasua chembe zao za damu.

Baba, habari ya "tungoje Jumatatu" sitaki kuisikia. Zahanati iandike rufaa leo, ipige simu kuuliza taa ipo wapi, Newala, Mkomaindo au Ndanda, na njiani mama aendelee kunyonyesha.

Sehemu ya 5 ni kitovu. Wenye majivu yenu mjiandae.