Ulaini wa Nani?

Mjomba wangu wa Kajiado aliuza mitamba wanne wa Boran akanunua dume mmoja mwenye damu ya Charolais, pamoja na karatasi. Karatasi ilisema dume ana alama za jeni za kukua haraka na za nyama laini. Aliyemuuzia alikuja na tableti na viatu safi. Viatu safi, Kajiado, kiangazi! Hapo ndipo tungeshtuka.

Dume alikufa 2022, wa kwanza zizini. Wale mitamba walikuwa karo yangu. Ndiyo maana leo naandika makala badala ya mitihani.

Msiniambie eti nachukia sayansi. Nimeisoma hiyo sayansi kwa simu, bando kwa bando, na sayansi yenyewe haikusema alichosema muuzaji.

Nyama hulainika baada ya ng'ombe kufa. Kimeng'enya kiitwacho kalpaini hukata nyuzi za misuli polepole, siku kadhaa, nyama ikiwa imetundikwa kwenye baridi. Mwaka wa 2002 watafiti wa Clay Center, Nebraska, walichapisha alama mbili kwenye jeni ya kalpaini zinazoandamana na nyama laini. Alama si ulaini wenyewe. Ni herufi ya DNA ambayo, kwa ng'ombe waliopimwa, iliendana na ulaini. Kwa waliopimwa! Nao walikuwa wa asili ya Ulaya. Walipofika kwa Brahman, mwenye nundu kama Boran wetu, moja ya alama hizo ikawa adimu mno kusaidia, na 2005 ikabidi waongeze nyingine. Wenyewe walijisahihisha. Muuzaji wetu je?

Halafu tuongee ukweli wa Nairobi. Ng'ombe anachinjwa Dagoretti usiku, asubuhi yuko bucha, jioni yuko kwa makaa. Hiyo kalpaini itafanya kazi saa ngapi? Wewe unayelalamika pale Burma kwamba nyama ni ngumu kama soli, weka kilo yako kwa friji siku chache kwanza. Ni bei rahisi kuliko dume.

Lakini ulaini ni mchezo. Kilichotuumiza ni ile alama ya pili, ya kukua. Mwili mkubwa hudai chakula hata siku ambayo hauongezi kilo moja. Mahali chakula kinaletwa kwa trekta, hiyo ni faida. Mahali ng'ombe anatembea mbali kutafuta maji, ni deni, na deni hilo linalipwa kwa mbavu. Boran hukonda, hungoja mvua, hurudi. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini, na bado watu wanatuuzia kilo kana kwamba kiangazi ni uvumi.

Sitaki vipimo vikomeshwe. Nataka Boran apimwe hapa, kwa nyasi hizi, na kwenye safu ya kwanza ya jedwali kuandikwe nani alibaki hai. Mpaka hapo, mfugaji akiletewa karatasi aulize: ni ng'ombe gani walipimwa, walikula nini, na mvua ilikosekana miezi mingapi? Asipojibiwa, aketi na mitamba wake.

Mjomba hakuuliza. Mimi, niliyekuwa chuo, ndiye niliyemsomea ile karatasi kwa Kiswahili, nikamwambia iko sawa.