Tahariri: Watoto Wetu na Milango ya Vyuo

Msimu wa maombi ya vyuo umewadia, na baadhi ya wazazi waliotoka Bule, Bunia na pande nyingine za Ituri, nchini Kongo, wametuuliza kama ile hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya tarehe 29 Juni 2023, kuhusu rangi ya mwombaji katika kuchagua wanafunzi wa vyuo, imewafungia watoto wetu mlango. Suala hili limezungukwa na uvumi mwingi, nasi tumeona ni wajibu kulijibu kwa taratibu.

Tangu shauri la Bakke la 1978, mahakama ile ilikwisha kataza vyuo kutenga idadi maalumu ya nafasi kwa watu wa rangi fulani, ila ikaruhusu rangi ihesabiwe kuwa jambo moja miongoni mwa mengi. Na mwaka 2003, ilipoithibitisha ruhusa hiyo, Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 haja yake iwe imekwisha. Miaka hiyo haikutimia. Katika mashauri ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, majaji walio wengi waliamua kwamba namna vyuo hivyo vilivyoitumia rangi ni kinyume cha sheria. Lakini Jaji Mkuu John Roberts, aliyeiandika hukumu, alieleza pia kwamba chuo hakikuzuiwa kuyazingatia maelezo ya mwombaji juu ya taathira ya rangi katika maisha yake, maadamu anapimwa yeye mwenyewe kwa ushujaa na jitihada zake.

Hatuishangilii hukumu hii. Waliopigania ruhusa ile ni wajukuu wa watumwa, ambao wazee wao walizuiwa kwa sheria kuingia katika vyuo vingi, nasi wahamiaji tumefaidi jasho lao.

Hata hivyo, sisi watu wa Ituri tunajua madhara ya elimu kugawiwa kwa makundi. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwapendelea Wahema kuliko Walendu, makabila mawili ya kwetu, katika shule na kazi za utawala, na uchungu uliotokana na upendeleo huo ni miongoni mwa mambo ambayo vizazi vya baadaye vimeyalipia kwa damu. Katika enzi ya Rais Mobutu nafasi za chuo kikuu zikagawiwa kwa mikoa, na manung'uniko hayakwisha. Ibara ya 13 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza Mkongo yeyote kubaguliwa katika elimu kwa sababu ya kabila lake, ukoo wake, wala mahali akaapo. Ndiyo maana hatungependa kuona daftari la makabila likifunguliwa ugenini, hata kwa nia ya kuwasaidia watoto wetu.

Wala hatusemi kwamba alama peke yake ni insafu. Jirani zetu wa Uganda, tangu 1990, walianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wanapoomba kuingia Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kuwa walitambua kwamba njia ya msichana ilikuwa na vizuizi ambavyo kaka yake hakuvikuta. Mtoto aliyekuwako usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya waliokimbia makwao ya Plaine Savo, karibu na Bule, iliposhambuliwa na watu wapatao 60 wakauawa, kisha akarudi darasani akafaulu, amefanya zaidi ya yale yanayosomeka katika cheti chake. Kisanduku cha rangi katika fomu hakikuweza kamwe kulieleza hilo, kwa sababu kilimweka pamoja na mtoto wa tajiri ambaye hajapata kuukimbia mlio wa risasi. Insha ya mwombaji inaweza kulieleza, na sheria ingali inaruhusu.

Basi twawaomba wazazi wasiwakataze vijana kuyaandika yaliyowapata, wala wasiwalazimishe wale ambao bado hawawezi kuyasema. Na kijana asiazime msiba wa mwenziwe ili aonewe huruma. Ndugu mliokwisha pita vyuoni, mlio tayari kukaa na kijana mmoja na kumsomea insha yake kabla hajaipeleka, tuleteeni majina yenu kabla ya mwisho wa mwezi huu.